Kazi ya Mungu haina makosa, lakini mshikaki je?

Kuna jamaa mmoja wa Nkwenda, kule Kyerwa, siku hizi hachoki kusimulia. Walitoka gulioni wamepanda bodaboda moja, mshikaki, dereva na abiria wawili, na kiroba cha maharage juu. Njiani akaomba ashuke dukani anunue vocha. Wenzake wakaona wanachelewa, wakamwacha. Mbele kidogo, kwenye mteremko, pikipiki ikamshinda dereva. Yeye akavunjika mguu. Abiria aliyebaki hakufika hospitali akiwa hai.

Msibani jamaa akasimama mbele ya watu: "Mungu aliniambia shuka." Watu wakaitikia amina. Mama wa marehemu akainamisha kichwa tu, hakujibu kitu. Na hapo ndipo pa kujiuliza. Kama huyu aliambiwa ashuke, mtoto wa yule mama hakuambiwa kwa nini? Alimkosea nini Mungu?

Kumshukuru Mungu si kosa hata kidogo. Aliyeponea chupuchupu asiposhukuru atakuwa na moyo wa jiwe. Lakini kushukuru ni kitu kimoja, na kujifanya unajua Mungu alimpangia nini marehemu ni kitu kingine kabisa. Vocha kuisha saa ile ni bahati. Ingeisha nusu saa baadaye, leo wangesimulia wengine.

Halafu kuna jambo la tatu ambalo watu hawapendi kulitaja: hiari. Kupakia wawili, dereva aliamua. Kukubali kubanana ili nauli ipungue, abiria waliamua. Hakuna malaika aliyewasukuma. Ila msiba ukishafika, yote hufunikwa blanketi moja: kazi ya Mungu haina makosa. Ni kweli haina. Yenye makosa ni kazi ya watu.

Kagera inalijua hili kwa machungu. Mei 21, 1996, MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza. Enzi hizo Nkwenda ilikuwa bado wilaya ya Karagwe. Mpaka leo wapo wazee mkoani wanaosimulia walivyoikosa meli ile, huyu gari lilimharibikia njiani, yule mtoto aliugua ghafla. Shukrani zao ni za kweli. Lakini meli ilikuwa ya kubeba abiria wapatao 430, na waliokufa peke yao walizidi idadi hiyo. Gari kuharibika ni bahati. Kujaza meli kupita uwezo wake ni uamuzi wa mtu.

Hiari hiyohiyo ina upande wake mzuri. Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air ilianguka ziwani pale Bukoba ikiwa na watu 43. Walikufa 19, wakapona 24. Kijana mvuvi, Majaliwa Jackson, alikuwa ziwani kwenye shughuli zake. Kuwa pale saa ile, ita bahati, ita mpango wa Mungu, hakuna ugomvi. Lakini kupiga kasia kuifuata ndege badala ya kukimbilia nchi kavu, hilo aliliamua mwenyewe. Nchi nzima ilimsifu kwa sababu kila mtu alijua angeweza kugeuza mtumbwi akaondoka.

Basi kama mtu husifiwa kwa jema aliloliamua, aliyeamua vibaya anafichwaje nyuma ya Mungu?

Turudi Nkwenda. Mguu wa dereva umepona, yuko kijiweni kama kawaida. Siku ya gulio kaonekana tena kapakia wawili. Hakuna aliyemsimamisha, maana msibani walishakubaliana kwamba ilipangwa. Mama wa marehemu anauza ndizi palepale barabarani, anamwona akipita.

Hapa ndipo "ilipangwa" inapogeuka hatari. Haimfariji yule mama, na haimzuii yule dereva. Inachofanya ni kumwandalia njia marehemu mwingine, naye siku yake ikifika watu watasema amina na kula wali.

Jamaa wa vocha kama kweli alisikia sauti ikimwambia shuka, nafasi anayo. Aende kijiweni, amshike dereva mkono, amwambie: "Ndugu yangu, shusha mmoja." Au ile sauti ilikuwa kwa ajili yake peke yake?