Mzazi Mgonjwa na Mtoto Aliye Mbali

Ndugu Waislamu, wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Wazazi wengi wa Unguja na Pemba wamebaki peke yao, ilhali watoto wao wako Dar es Salaam, Muscat au London. Mama akianguka usiku, mtoto hajui ampigie nani. Nambari 112 haimfai aliye ughaibuni, kwani akiipiga London hupokewa na waokoaji wa Uingereza, si wa Pemba.

Mwenyezi Mungu, katika aya ya 36 ya Suratun-Nisaa, ameamrisha wema kwa wazazi, na humo humo akamtaja jirani wa karibu na wa mbali. Basi kumpelekea mama fedha kila mwezi pasi na kujuana na jirani yake ni wema uliopungua.

Tunawausia leo, baada ya Swala ya Ijumaa, muandike nambari kamili za jirani mwenye ufunguo, za sheha na za kituo cha afya. Mumwachie jirani mwaminifu akiba ya nauli, pamoja na majina ya dawa za mzazi. Kisha tuwaombee dua, kwani kutawakali hakuondoi kushika sababu.

Wabillahi tawfiq.