Safu ya Mwalimu: Waya Mmoja, Sauti Nyingi



Mzazi mmoja wa jumuiya yetu ameniletea shauri. Mwanawe ana kinanda kilichounganishwa na kompyuta. Akibonyeza vitufe vitatu kwa pamoja, husikika sauti moja tu. Kijana ameshakata kauli kuwa kinanda ni kibovu, naye ataka anunuliwe kingine. Namsihi mzazi aizuie pesa yake kwanza.

Programu aitumiayo ni VCV Rack, iliyotoka mwaka 2017, na toleo lake la msingi hupatikana bure. Ndani yake mna visanduku viitwavyo moduli, vinavyounganishwa kwa nyaya za kuchorwa, kwa mfano wa mitambo halisi aliyoianza Robert Moog huko Marekani mwaka 1964. Waya wa mitambo ile ulichukua ishara moja tu. Katika programu hii, tangu mwaka 2019, waya mmoja waweza kuchukua njia hata 16, nao huonekana mnene zaidi. Unene huo ndio wa kutazamwa.

Sasa, moduli inayopokea ishara za kinanda huanza na njia moja. Abonyeze juu yake kwa kitufe cha kulia cha kipanya, achague idadi ya njia. Nne zatosha kwa kuanzia. Mara nyingi ugonjwa wote ni huo.

Usipopona, aufuate waya hatua kwa hatua. Moduli ya njia moja ikipokea sauti yenyewe, kwa desturi huzijumlisha njia zote. Ikipokea ishara ya kuongoza, kama ile inayoarifu kuwa kidole kimebonyeza au kimeinuka, hushika njia ya kwanza na kuziacha nyingine. Hapo ndipo kidole cha kwanza kinapoinuka na sauti zote tatu zikakatika pamoja, mfano wa wasoma kaswida waliofungwa kwenye pumzi ya mmoja wao! Kinyume chake hakina madhara: ishara moja ya kuongoza ikiingia katika moduli ya sauti nyingi, kwa kawaida hugawiwa zote sawasawa.

Mwishoni, kabla ya spika, huwekwa moduli iitwayo Sum, ikusanyayo njia zote ziwe moja. Sauti nne zikijumlishwa huweza kuvuma kuliko moja, basi apunguze kwanza, hasa akivaa spika za masikioni.

Akikwama tena, na aje kwangu Jumamosi baada ya sala ya alasiri, pamoja na hiyo kompyuta.