Kisikiliza hewa kiingie mabwenini

Taa zikizimwa katika bweni la shule ya nyanda za juu, iwe Njombe au Nyeri, jambo la kwanza wanafunzi wanalolifanya ni kufunga madirisha. Baridi ya huko haina huruma. Hadi alfajiri, makumi ya vifua yamekesha yakipokezana hewa ile ile, na matroni anayekuja kuwaamsha hulakiwa mlangoni na joto zito lenye harufu ya soksi. Pua yake inamwambia kwamba hewa ni chafu. Haimwambii ni chafu kiasi gani.

Kifaa cha kumwambia kipo, tena kidogo kuliko kiboksi cha kiberiti. Kinapima hewa kwa kuisikiliza.

Habari yake inaanzia Washington mwaka 1880. Alexander Graham Bell, yule yule wa simu, alikuwa na msaidizi wake Charles Sumner Tainter wakijaribu kusafirisha sauti kwa mwanga wa jua. Walifaulu kuzungumza kwa umbali wa mita 213, kutoka juu ya paa la shule ya Franklin hadi kwenye maabara yao. Bell aliuthamini uvumbuzi huo kuliko simu yenyewe. Soko halikukubaliana naye. Lakini katika hekaheka hizo waligundua jambo la pembeni: mwanga ukikatwakatwa na sahani yenye matundu inayozunguka kwa kasi, kisha ukamulika kitu, kitu hicho hutoa sauti. Masizi yalikuwa miongoni mwa vitu vilivyolia kwa nguvu zaidi. Mwaka uliofuata, John Tyndall wa London alionyesha kwamba hata gesi hulia.

Hakuna mazingaombwe hapo. Gesi ikifyonza mwanga hupata joto na kutanuka. Mwanga ukikatika, inapoa na kusinyaa. Ikirudia hivyo mara nyingi kwa sekunde, mtikisiko huo wa hewa ndio sauti. Na kwa kuwa kila gesi ina mwanga wake inaoupenda, ukichagua mwanga sawasawa utajua ni gesi gani inayolia, na ukipima ukali wa sauti utajua ipo kwa wingi gani. Wataalamu huiita mbinu hii spektroskopia ya fotoakustika.

Ilikaa kabatini kwa miongo mingi, ikingoja mwanga wenye nguvu na maikrofoni zenye masikio makali. Leza ndiyo iliyoiamsha katika miaka ya 1970. Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rice, Houston, waliiweka kando maikrofoni na kutumia kile kiuma kidogo cha kwatzi kinachotikisika mara 32,768 kwa sekunde ndani ya saa za mkononi. Leo mbinu hiyo inatumika hata kuchunguza mafuta ya transfoma kubwa za umeme: ikisikika asetilini, ile gesi ya wachomeleaji, mafundi wanajua ndani kuna cheche.

Kwa bweni letu, gesi inayohusika ni hewa ukaa, ambayo hufyonza miale ya infraredi ya urefu wa takriban mikromita 4.3. Vihisi vya zamani hupima mwanga uliosalia baada ya kuvuka gesi, hivyo huhitaji njia ndefu ya mwanga. Kinachosikiliza hakihitaji urefu huo. Ndiyo maana kampuni za Sensirion ya Uswisi na Infineon ya Ujerumani zimeweza kuuza vihisi vyenye upana wa sentimita moja hadi moja na nusu hivi.

Hewa ukaa yenyewe si sumu kwa viwango vinavyofikiwa bwenini. Faida yake ni kwamba inatoboa siri. Nje, hewa ina sehemu 420 hivi za gesi hiyo katika kila milioni. Pumzi inayotoka kifuani ina takriban 40,000. Kinachozidi zile 420 ndani ya bweni kwa kawaida kimetoka kwenye mapafu ya mtu, na pumzi za watu ndiyo njia anayosafiria mdudu wa kifua kikuu. Kenya, Tanzania, Uganda na Kongo zote zimo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 hadi 2025 ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huo.

Taiwan imetuonyesha kitu. Kifua kikuu kilizuka katika chuo kikuu kimoja mjini Taipei na kuwapata watu 27. Majengo yalipopimwa, hewa ukaa ilifikia sehemu 3,204 kwa milioni, maana yake karibu pumzi moja katika kila kumi na nne ilikuwa imeshapita kwa mtu mwingine. Mzunguko wa hewa ukarekebishwa hadi kiwango kikashuka karibu na 600. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulikadiria kwamba kushusha kiwango chini ya 1,000 kuliendana na kupungua kwa maambukizi mapya kwa asilimia 97 miongoni mwa waliokaa na wagonjwa.

Wapo watakaosema dirisha lifunguliwe tu, mashine ya nini? Wana hoja, na darasa la kijijini lenye madirisha yasiyo na vioo huenda likaishinda shule ya ada kubwa jijini, ambako kiyoyozi cha ukutani huzungusha na kupoza hewa ile ile iliyokwisha kupumuliwa. Lakini usiku wa baridi mtu hafungui dirisha kwa kuambiwa. Afungue kiasi gani, na kwa muda gani, bila watoto kuugua vichomi? Namba ndiyo inayomaliza ubishi huo.

Mnunuzi awe macho. Sokoni vimejaa vifaa vya bei poa ambavyo havipimi hewa ukaa kabisa, bali huikisia kutokana na gesi nyingine. Sogeza kitakasa mikono karibu: namba ikiruka juu ghafla, umeuziwa mbuzi kwenye gunia. Hata vihisi vya kweli vina udhaifu wao. Vingi hujirekebisha vikiamini kwamba walau mara moja kwa wiki vimeonja hewa safi. Kisipotolewa nje, kihisi huzoea uchafu na kuuita usafi.

Uingereza ilitangaza mwaka 2021 kwamba ingegawa vipima hewa ukaa 300,000 shuleni. Hatuombi hivyo. Wizara za elimu za Dodoma na Nairobi zianze na kifaa kimoja kwa kila shule ya bweni ya nyanda za juu, kikae juu ya meza ya matroni, na Jumamosi asubuhi mwanafunzi wa zamu akitoe uani kikapate hewa.