Hisa za dawa: kagua mizani kwanza

Mnunuzi wa korosho au pamba hatazami bei peke yake. Kwanza huikagua mizani, kwani mizani ikiwa mbovu hata bei nzuri itamtia hasara. Kwa maoni ya safu hii, mwekezaji mdogo anayenunua hisa za kampuni za dawa katika masoko ya nje hana budi kufanya vivyo hivyo. Mkasa wa protini iitwayo hENT1 unaonyesha sababu.

Protini hiyo hukaa katika utando wa seli za binadamu. Kazi yake ni kupitisha nukleosidi, malighafi ambazo seli huzitumia kutengeneza DNA. Gemsitabini, dawa ya siku nyingi ya saratani ya kongosho, inafanana na nukleosidi na huingia katika seli hasa kwa mlango huo. Wataalamu wakaona kwamba mgonjwa ambaye uvimbe wake una milango michache hatanufaika sana na dawa hiyo.

Hapo ndipo biashara ilipoanzia. Clavis Pharma ya Norway iliiunganisha gemsitabini na asidi ya mafuta ili ipenye ndani ya seli bila kuhitaji mlango. Mwaka 2009 Clovis Oncology ya Marekani ilipata haki za dawa hiyo, CO-101, kisha ikashirikiana na Ventana, kampuni iliyo chini ya Roche, kutengeneza kipimo cha kuwatambua wagonjwa wenye hENT1 kidogo. Novemba 2011 Clovis iliingia soko la Nasdaq kwa dola 13 kwa hisa. Mfano wa kuvutia fedha ulikuwapo: mwaka 1998 Marekani iliidhinisha Herceptin ya saratani ya matiti pamoja na kipimo chake, na dawa hiyo ikawa na mauzo makubwa.

Kipimo cha hENT1 kilitegemea kingamwili, yaani protini inayotengenezwa ili inase kitu kimoja tu. Hutiwa juu ya kipande chembamba cha uvimbe, na rangi huonekana pale iliponasa. Ikinasa kitu kingine, au ikishindwa kunasa, msomaji wa kipimo hupata jibu la uongo bila kujua. Kwa hENT1 kingamwili mbili ndizo zilizojulikana zaidi: 10D7G2 ya panya, iliyotoka Chuo Kikuu cha Alberta nchini Kanada, na SP120 ya sungura, ambayo ndiyo iliyotumika katika kipimo cha Clovis.

Novemba 2012 matokeo yalitoka. Jaribio lilikuwa na wagonjwa 367 ambao saratani yao ilikuwa imeshasambaa mwilini. Waliopatiwa jibu la kipimo ni 358, na kati yao 232 walisomeka kuwa na hENT1 kidogo. Katika kundi hilo CO-101 haikuishinda gemsitabini. Isitoshe, kati ya waliopewa gemsitabini, wenye hENT1 nyingi hawakuishi zaidi ya wenzao. Hisa za Clavis zikaporomoka katika soko la Oslo. Mwaka 2013 dawa yake nyingine, elacytarabine, iliyotengenezwa kwa hesabu ile ile, nayo ilishindwa katika saratani ya damu. Clovis ilikuwa na dawa nyingine mkononi, kwa hiyo iliendelea kwa miaka kadhaa, hadi ilipoomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika Desemba 2022.

Yaliyofuata ndiyo yanayomhusu zaidi mwekezaji. Mwaka 2014 ilichapishwa taarifa ya jaribio la ESPAC-3 la wagonjwa waliokwisha kufanyiwa upasuaji, ambao vipande vyao vilipimwa kwa 10D7G2. Kati ya waliotibiwa kwa gemsitabini, muda wa kati wa kuishi ulikuwa miezi 26.2 kwa wenye hENT1 nyingi na 17.1 kwa wenye kidogo. Mwaka 2015 wagonjwa wa jaribio la CONKO-001 la Ujerumani, waliofanyiwa upasuaji vilevile, walipimwa kwa SP120. Tofauti haikuonekana.

Hayo hayathibitishi kuwa CO-101 ingefaulu kwa kingamwili nyingine. Lakini mizani mbili zikipima mzigo wa aina moja na kutoa majibu mawili, mnunuzi makini husimamisha biashara. Wala tatizo si la hENT1 peke yake. Mwaka 2015 wanasayansi Andrew Bradbury na Andreas Plückthun walikadiria katika jarida la Nature kwamba dola milioni 800 hupotea duniani kila mwaka kwa kingamwili mbovu za utafiti.

Wapo watakaosema mambo ya maabara si ya mfanyabiashara. Hatukubaliani nao. Maswali yanayohitajika ni matatu, na hayahitaji shahada. Kipimo kinatumia kingamwili ipi? Je, maabara isiyo na hisa katika kampuni hiyo imeikagua na kupata jibu lile lile? Kipimo kikikosea, kampuni inabaki na dawa gani nyingine ya kuuza? Wenye hisa za Clavis wangejiuliza hilo la tatu, wangeona kuwa dawa zote mbili zilisimama juu ya dhana moja.

Kampuni isiyo na majibu ya wazi katika taarifa zake kwa wanahisa inauza bahati nasibu. Anayetaka kucheza na acheze, lakini si kwa fedha za ada ya watoto wala mtaji wa duka.