Hatia ni Neno la Mahakama

Mnamo mwaka 2007 watafiti waliwahoji watu wazima 1,242 hapa Juba kwa madodoso ya Harvard na Hopkins, yaliyoasisiwa Marekani. Nusu yao walionekana kuwa na dalili za sonona, na asilimia 36 dalili za kiwewe. Baadaye yakatufika mapigano ya 2013 na ya 2016, na haja ya kuwapima raia na askari ikazidi.

Madodoso ya namna hiyo humwuliza mtu kama anajilaumu, kama anaona aibu kwa yaliyompata, na kama anajiona ana hatia kwa kuwa yeye amesalimika. Yafaa basi tujiulize, ndugu wasomaji: maswali hayo yakitafsiriwa kwa Kiswahili, ambacho wengi wetu tulirudi nacho kutoka ukimbizini Kenya na Uganda, yatapima nini?

Aibu ni fedheha machoni pa watu. Haya ni pambo la mtu aliyelelewa. Asiye na haya ndiye wa kuogopwa. Mfasiri mwenye haraka akiyachanganya maneno hayo mawili, malezi mema yatahesabiwa kuwa maradhi.

Hatia nayo ni neno la mahakama. Mwulize askari, "Je, unajiona una hatia?" naye atamsikia mwendesha mashtaka. Atajibu upesi, "Sina!" Karatasi itaandika kwamba ni mzima, ilhali usiku hapati usingizi kwa kumkumbuka mwenzake aliyebaki porini.

Desturi ya wataalamu ni kumpa mfasiri wa pili kazi ya kuirudisha tafsiri katika Kiingereza, kisha kulinganisha. Njia hiyo ni njema, lakini haitoshi. Neno hatia litarudi salama katika Kiingereza, wala hakuna atakayetambua kwamba lilimtisha aliyeulizwa.

Kiswahili hakikukosa neno. Mtu anayeumia moyoni kwa alilotenda, au kwa aliloshindwa kutenda, husemwa kwamba nafsi yamsuta. "Je, nafsi yako hukusuta?" Swali hilo halimpandishi mtu kizimbani. Na lijaribiwe kwanza kwa wazee, wajane na askari wa kawaida kabla ya kupigwa chapa; tena liulizwe faraghani, si mbele ya kamanda.

Taifa linalotaka kuwatibu watu wake halina budi kuwauliza kwa maneno wanayoyatumia wenyewe wanapofunguliana moyo. Askari aliyenusurika vitani asikoseshwe tiba na neno moja.