Antibayotiki zinauzwa Kariakoo kama karanga



Nina dukuduku kuhusu uuzaji wa antibayotiki katika baadhi ya maduka ya dawa ya Kariakoo, Dar es Salaam.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja wilayani Kongwa. Kwa miaka mitatu nimesumbuliwa na sainasi. Pua imeziba, paji la uso linauma nikiinama kusahihisha madaftari, na harufu sisikii hata ya ugali unaoungua. Likizo iliyopita nilifikia kwa mjomba wangu Gerezani, naye akanielekeza duka moja karibu na Mtaa wa Kongo. Muuzaji hakuniuliza cheti cha daktari. Alisema ninywe azithromaisini kidogo kidogo kwa miezi mitatu, eti ndivyo wanavyotibiwa Wazungu. Akakata vidonge kwa kadiri ya fedha niliyokuwa nayo, akavifunga katika karatasi.

Kinachonikera ni kwamba muuzaji yule hakusema uongo mtupu. Matibabu ya namna hiyo yapo. Yalianzia Japani katika miaka ya 1980, madaktari walipowapa wagonjwa wa mapafu erithromaisini ya kiasi kidogo kwa muda mrefu, na baadaye ikajaribiwa kwa wenye sainasi. Ikitolewa hivyo, hutegemewa kutuliza uvimbe kuliko kuua vijidudu. Lakini majaribio yamegongana. La Australia la mwaka 2006 lilionyesha nafuu kiasi. La Ulaya la mwaka 2011, lililotumia azithromaisini hiyo hiyo, halikuona tofauti na kidonge kisicho na dawa. La Uingereza lililotangazwa mwaka 2025 lilitumia klarithromaisini kwa muda wa miezi mitatu hivi, nalo likaona ni upasuaji uliosaidia, si vidonge. Tena dawa za jamii hii zinaweza kuvuruga mapigo ya moyo na kudhuru masikio, kwa hiyo mgonjwa hupimwa kwanza. Mimi nilipimwa mfuko tu.

Sisi wa Kongwa azithromaisini tunaifahamu siku nyingi kwa sababu ya trakoma. Imegawiwa vijijini bure, watoto wakisimamishwa kwenye kijiti cha kupimia urefu ili kila mmoja apate kiasi chake, na mgawaji akiandika daftarini. Dawa inayopimwa kwa kijiti Kongwa, kwa nini Kariakoo iuzwe kwa kukadiria?

Nami nina kosa langu, silifichi. Niliporudi kijijini nilimgawia mwalimu mwenzangu vidonge vinne kwa ajili ya kikohozi chake. Akapata nafuu ya siku chache, akaacha kwenda zahanati. Majuma matano baadaye alipopimwa makohozi alikutwa na kifua kikuu. Sasa yuko kwenye dozi na anaendelea vizuri, lakini muda wote huo alikuwa akifundisha darasa la pili, watoto wamebanana kwenye madawati.

Mimi mwenyewe nilipofika kwa daktari wa masikio, pua na koo, alimulika ndani akakuta nyama za puani. Alinipa dawa ya kupulizia puani na kuniagiza nioshe pua kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa. Antibayotiki hakuandika hata moja. Juzi nilisikia harufu ya kitunguu kikikaangwa, nikamwita mke wangu kumweleza, akacheka.

Naziomba TMDA na Baraza la Famasi ziingie mitaa ile ya Kariakoo bila kupiga hodi, zione vidonge vinavyokatwa na kuuzwa bila cheti. Hata hivyo tusiwalaumu wauzaji peke yao. Kutoka kijijini kwangu hadi kwa daktari wa pua ni nauli, malazi na siku mbili za kuacha darasa, na duka la dawa liko wazi hadi usiku. Madaktari hao wangefika wilayani hata mara moja kwa miezi mitatu, wengi tusingekwenda kwa mjomba.

Wahusika watueleze pia vidonge vilivyobaki tuvipeleke wapi. Vyangu saba bado vimo katika karatasi yake, juu ya kabati, mbali na watoto.

Mwalimu wa Kijijini,
Kongwa, Dodoma.