Tableti zipo, mawazo je?

Unazikumbuka zile tableti za darasa la kwanza? Mpango ulianza 2016, na vifaa zaidi ya milioni moja vikapelekwa katika shule za msingi za umma. Ila kwingine vimelala tu kabatini. Shida si umeme pekee. Mwalimu naye hukosa la kufanya navyo.

Dawa wanayo walimu wenyewe: kupeana mawazo. Mfano, chora miraba sakafuni kwa chaki. Mtoto mmoja awe roboti, mwenzake amwamuru: hatua mbili mbele, geuka kulia. Hapo washaanza kujifunza kuandika programu, hata kabla ya kuwasha mashine.

Serikali inunue vifaa, sawa, lakini iwape walimu pia muda wa kukutana. Nawe kijana unayejua kompyuta, mbona usipitie shule ya mtaani kwenu uongeze wazo lako?